Jicho la Mchungaji na Tundu la Sindano

Ndugu msomaji, huenda na wewe umepata kusikia barazani mtu akisemwa kwamba macho yake yameharibiwa na vitabu. Aghlabu asemwaye ni mwalimu wa chuo, au karani wa zamani, au mama aliyeshona kofia za viua tangu usichana wake. Na wakati wenyewe ni pale anapotimiza miaka arubaini na kitu. Siku za mwanzo hunyoosha mkono ili barua iende mbali kidogo. Baadaye husogea mlangoni penye mwanga. Mwishowe husema, "Hebu nisomee wewe, mwanangu, miwani nimeisahau," na miwani hiyo hajapata kuwa nayo hata siku moja. Wanaomzunguka wana maelezo yao mepesi: jicho ni kama kisu, likitumika sana huwa butu. Na walio wakali zaidi huwakataza vijana wao kusoma usiku, wasije wakayamaliza macho yao kabla ya wakati.

Maneno haya si kweli, na madhara yake ni makubwa kuliko yanavyodhaniwa. Mtu aliyekwisha amini kwamba kusoma ndiko kulikomharibia macho, atafanya nini ila kuacha kusoma? Wapo waliofunga msahafu wakiwa na miaka 45, wakabaki na zile sura walizohifadhi utotoni. Wapo mafundi waliouza cherehani zao, na wapo kina mama walioacha kofia katikati ya tundu. Basi leo tuiache pwani nyuma yetu kwa muda, twende mahali ambapo kwa karne nyingi hapakuwa na kitabu wala karani, tukaangalie: je, macho ya watu wa huko yalisalimika?

Mahali penyewe ni mkoa wa Mara, mashariki ya ziwa Viktoria, na khasa wilaya mbili: Tarime, inayopakana na Kenya, na Serengeti, ambayo makao yake makuu ni mji wa Mugumu. Tarime ni nchi ya Wakuria, nchi ya vilima vyenye baridi, watu wake wakilima kahawa na mahindi na wimbi, na ng'ombe kwao ndio heshima ya nyumba. Ukishuka upande wa Serengeti utawakuta, pamoja na Wakuria, Waikoma na Wanata na Waisenye na Wangoreme, watu walima na wafugaji, ambao zamani waliwinda katika zile mbuga zilizofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Sisi wa pwani humsifu nahodha kwa kuiona dalili ya mwamba kabla ya wenziwe. Kwa wenzetu wa Mara, sifa ya jicho ni kumjua ng'ombe wako kwa rangi yake akiwa bado yuko ng'ambo ya bonde, na kuliona wingu la vumbi ukajua kwamba wale ni nyumbu wanahama wala si moto.

Sasa mtazame mtu huyu anapoingia utu uzima. Kwa Wakuria wa zamani umri haukuhesabiwa kwa tarehe ya kuzaliwa. Kila mtu alikuwa na rika lake, wale waliotahiriwa pamoja, na mwanamume alipanda daraja ya wazee baada ya watoto wake nao kupita jandoni. Ukipiga hesabu utaona kwamba wakati huo ni miaka arubaini na kidogo. Ni umri ule ule ambao kwetu mtu huanza kuisogeza barua mbali. Mzee wa Tarime amekaa juu ya jabali lake, anamwona ndama aliyepotea upande wa pili wa mto, naye hajakosea. Lakini mwiba ukimwingia kisiginoni hana budi amwite mtoto autoe. Kupe aliye sikioni mwa ng'ombe humtafuta kwa kidole, si kwa jicho. Mkewe anapepeta wimbi, na changarawe zinapita hadi kwenye ugali. Watoto wanacheka, yeye anaona haya, asijue limempata nini. Na kule Nyamongo, ambako wachimbaji wadogo waliitafuta dhahabu kabla ya mgodi mkubwa wa North Mara kuanza kazi mwaka 2002, chembe iliyobaki katika karai huweza kuwa ndogo kuliko chembe ya chumvi. Asiyeiona hiyo humwaga riziki yake pamoja na tope.

Hawa hawakukesha na taa ya chemni juu ya kitabu. Ni kitu gani basi kilichoyala macho yao?

Jawabu halikungojewa kutoka nchi za mbali. Lilipatikana humu humu Tanzania. Mwaka 2006 wataalamu walichapisha matokeo ya uchunguzi waliofanya katika wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, miongoni mwa watu wa mashamba waliotimiza miaka 40 na kuendelea. Walikuta kwamba kiasi cha watu sita katika kila kumi walikuwa na upungufu huu wa kuona karibu, na wanawake walizidi. Hawakuwauliza habari za vitabu peke yake. Waliwauliza habari za kuchagua mchele, kupepeta nafaka, kupalilia pasipo kung'oa mmea pamoja na majani, kushona, kuwasha taa na kuirekebisha. Na katika kazi hizo ndimo shida ilimojidhihirisha. Kongwa na Tarime ni mbali, lakini jicho la mwanadamu ni lile lile. Kitabu hakileti udhaifu huu, hufanya kuufichua tu. Msomaji huutambua mapema kwa sababu kila siku anapimwa na herufi, na asiyesoma hukaa nao miaka mingi bila ya kuujua jina.

Nieleze kwa ufupi jinsi jambo lenyewe linavyokuwa, maana ukilifahamu hutaogopa. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi laini iliyo wazi kama kioo, imeshikwa pande zote na msuli mdogo. Ukitazama mbali, lenzi hii hukaa bapa. Ukitazama karibu, msuli hukaza na lenzi hujaa, ikapinda nuru zaidi, na kitu kikaonekana sawasawa. Mtoto mdogo aweza kuileta herufi hata vidole vinne mbele ya pua yake na bado akaisoma. Lakini lenzi hii haiachi kukua maisha yote; kila miaka ikipita huongeza tabaka juu ya tabaka, nayo hugeuka ngumu kidogo kidogo, hata msuli unapoiamuru kujaa hukataa. Mtu akifika miaka 45 au karibu na hapo, kitu kisipokuwa umbali wa mkono hakionekani vyema. Kuona kwake mbali hakukuguswa kabisa. Na hapa ndipo penye udanganyifu: mchungaji hawezi kuamini kwamba macho yake yamebadilika, kwa kuwa bado anawaona nyumbu mlimani! Atasema mwiba ni mdogo mno, au uzi ni mbaya, au mwanga umepungua.

Yafaa msomaji ajue pia kwamba elimu hii ya jicho ina deni kubwa kwa wanazuoni walioandika kwa Kiarabu. Katika karne ya 9, huko Baghdad, Hunayn bin Ishaq, tabibu Mkristo aliyefanya kazi chini ya makhalifa, aliandika makala kumi juu ya jicho na maradhi yake. Miaka mia moja na zaidi baada yake, Ali bin Isa, naye wa Baghdad, aliandika kitabu cha ukumbusho kwa matabibu wa macho ambacho kilitumika mamia ya miaka. Lakini aliyeigeuza elimu yenyewe ni Abu Ali al-Hasan bin al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Cairo karibu na mwaka 1040. Wakubwa wa Kiyunani kama Euclid na Ptolemy walikuwa wamesema kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kukigusa kitu. Ibn al-Haytham akasema sivyo: nuru hutoka kwenye kitu, ndiyo inayoingia jichoni. Akaeleza jinsi nuru inavyopindwa ipitapo katika kioo na maji, na jinsi kitu kinavyoonekana kikubwa nyuma ya kioo cha mviringo.

Wanahistoria wanasimulia juu yake habari moja ambayo mimi naipenda kuliko zile za ugomvi wake na Khalifa al-Hakim. Wanasema alipokuwa mzee huko Cairo, alijipatia chakula chake cha mwaka kwa kunakili vitabu vya hesabu kwa mkono wake na kuviuza dinari 150. Mtu aliyeufahamu mpindo wa nuru kuliko wote wa zama zake, alikula kwa kazi ya karibu, naye hakuwa na miwani, kwa sababu miwani ilikuwa haijatengenezwa.

Kitabu chake, Kitab al-Manadhir, kiligeuzwa kuwa Kilatini karibu na mwaka 1200, kikasomwa Ulaya. Na hapo yatupasa kusema kweli, hata kama haitupi sifa: elimu ilitoka kwetu, lakini chombo kilitengenezwa na wengine. Miwani ya kwanza ilionekana Italia karibu na mwaka 1286. Mwaka 1306 mhubiri mmoja wa Florence, Giordano da Rivalto, aliwaambia watu wake kwamba ufundi huu haujatimiza miaka ishirini. Aliyeubuni hakujulikana jina, maana hakutaka kumfundisha mtu. Bali historia ya watawa wa mji wa Pisa imemhifadhi mwingine, Alessandro della Spina, aliyefariki mwaka 1313: yeye aliiona miwani ile, akaitengeneza kwa akili yake mwenyewe, akawafundisha wote waliotaka kwa moyo mweupe. Mwenye siri amesahauliwa. Mwaka 1301 mafundi wa vioo wa Venice walikwisha wekewa sheria juu ya vioo vya kusomea. Kutoka huko biashara iliichukua miwani mashariki, na Jami, mshairi mkubwa wa Herat aliyefariki mwaka 1492, katika uzee wake alivitaja hivyo vioo vya Wafaranga vilivyomsaidia macho.

Nadhani umekwisha fikiri juu ya waandishi wetu wenyewe. Katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulikuwa na wanakili wa misahafu ambao kazi yao, kwa wino mweusi na mwekundu na manjano, bado imehifadhiwa hata leo. Kazi ile haikufanywa na wavulana. Iliwataka watu waliokomaa katika elimu na katika mkono, na kila aliyekomaa namna hiyo alikuwa anaelekea umri ambao nukta na irabu huanza kuingiliana. Ukiutazama msahafu wa Siyu, usiangalie uzuri wa rangi peke yake.

Lakini turudi Mara, maana huko historia ya miwani ina sura nyingine iliyo karibu nasi zaidi, na kwangu mimi ndiyo yenye uzito kupita zote.

Mwaka 1967 kiasi cha theluthi mbili ya watu wa Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1968 serikali, pamoja na UNESCO na mpango wa maendeleo wa Umoja wa Mataifa, ilianza kazi ya majaribio ya kisomo cha watu wazima katika mikoa minne ya ziwa: Mwanza, Shinyanga, Ziwa Magharibi, ambao sasa unaitwa Kagera, na Mara. Hawakufundishwa kwa vitabu vya watoto. Walipewa vitabu vya kazi zao wenyewe: kilimo cha pamba, ndizi, ufugaji, uvuvi, utunzaji wa nyumba. Mkulima alijifunza herufi na papo hapo akajifunza kupanda kwa mistari. Mpango ule ulikwisha mwaka 1972, lakini moto ulikuwa umeshika. Rais Nyerere, mwenyewe mzaliwa wa Butiama katika mkoa huo huo wa Mara, aliufanya mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na zikachaguliwa wilaya sita za kufuta ujinga kwanza, zikiwamo Mafia ya kwetu pwani na Ukerewe ya ziwani. Mwaka 1973 mamilioni walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio na kusoma vitabu vya "Mtu ni Afya". Mwaka 1974 kikaanzishwa Mwanza gazeti la wasomaji wapya wa kanda ya ziwa, likaitwa "Elimu Haina Mwisho". Ulipofanywa mtihani wa taifa mwaka 1975, wasiojua kusoma walikuwa wameshuka hadi 39 katika mia. Na kufikia mwaka 1986 serikali ilihesabu kwamba wamebaki chini ya 10.

Hii ni kazi ya fahari, wala mimi si katika wale wanaoibeza. Hata hivyo, hebu ingia pamoja nami katika darasa moja la jioni, katika kijiji cha Tarime au cha Serengeti, mwaka wowote katika hiyo. Watu wametoka shamba. Taa ni koroboi. Mwalimu ni kijana wa miaka ishirini. Mbele yake wameketi wazazi wa rika la baba yake na mama yake, na wengi wao ndiyo mara yao ya kwanza kushika kalamu. Anaandika ubaoni herufi a, anawauliza, wanaitika vizuri kabisa: ubao uko mbali, na mbali wanaona. Kisha anawaambia wafungue vitabu. Hapo mama wa miaka 48 anaona ukurasa wenye ukungu. Herufi a na e na o zote ni nukta moja nene. Anakisogeza kitabu mbali, mwanga wa koroboi haufiki huko. Anakileta karibu, kinazidi kupotea. Mwalimu anashangaa: mbona ubaoni umejua? Hana sababu ya kufikiri juu ya jicho, yeye mwenyewe ana miaka ishirini. Anadhani mama huyu hajitahidi. Na mama huyu anajidhania jambo baya zaidi, kwamba akili yake imezeeka na kwamba kusoma ni kwa watoto. Wiki ya pili haji.

Chukua ile hesabu ya Kongwa uiweke hapa. Katika darasa la watu 30 waliopita miaka 40, watu 18 au 19 wasingeweza kuzisoma sawasawa herufi za ukubwa wa gazeti bila ya kioo. Kioo chenyewe ni kile kile cha mwaka 1286, hakina siri wala ufundi mkubwa. Vitabu vilifika Mara kwa malori, na kalamu, na daftari, na redio. Lakini kumfundisha mtu wa miaka 48 herufi bila ya kumpa miwani ni kama kumpa jahazi ukamnyima tanga. Tena niseme bila ya kuficha: hata sisi tunaopenda kujiita watu wa elimu tunafanya hivyo hivyo leo. Tunafungua darasa za watu wazima misikitini, za tajwidi na za Kiarabu, tunanunua mikeka na vipaza sauti na misahafu yenye jalada la dhahabu, na hakuna anayeuliza waliokaa nyuma wanaona nini.

Wala si kusoma peke yake. Mwaka 2018 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa katika mashamba ya chai ya Assam, huko India, kwa wachumaji waliotimiza miaka 40. Waliopewa miwani ya karibu waliongeza mavuno yao kuwapita wenzao wasiopewa kwa kiasi cha 21 katika mia na zaidi. Miwani tu, hawakuongezewa mbolea wala mshahara. Na mwaka 2024 ulichapishwa mwingine wa Bangladesh, uliowahusu mafundi cherehani, wafumaji na watu wa kazi za mikono: baada ya miezi minane, kipato cha waliopewa miwani kilikuwa kimezidi kwa theluthi moja. Hebu lete hesabu hiyo nyumbani. Mama wa Unguja au wa Lamu anayeshona kofia ya viua huhesabu nyuzi moja moja. Mwenye kusuka ukili huhesabu miyaa. Akiacha kazi akiwa na miaka 46, nyumba imepoteza pato la miaka ishirini, na kilichokosekana ni vioo viwili vya bei ya chini kuliko jozi ya viatu.

Kinachozuia mara nyingi si bei. Ni haya. Mwanamume huona miwani ni kukiri uzee mbele ya wake zake na wafanyakazi wake. Mwanamke huambiwa kwamba miwani inamfanya aonekane mwenye kiburi, kana kwamba amejifanya mwalimu. Watoto nao hucheka, na wazazi hawawakemei. Wengine hushikilia kwamba ukianza kuvaa miwani jicho huzoea uvivu, likawa bovu zaidi. Hili nalo halina msingi: lenzi itaendelea kuwa ngumu ukivaa au usivae, tofauti ni kwamba aliyevaa anafanya kazi yake katika muda huo.

Badala ya kioo, watu huenda kwa dawa. Wapo wanaotia asali jichoni, wapo wanaotia maji ya majani, na wapo wanaotegemea wanja. Wanja ni pambo, haulainishi lenzi iliyo ndani. Na baadhi ya wanja unaouzwa madukani umekutwa una risasi, ambayo ni sumu. Karoti na maini na mchicha ni chakula chema, lakini havimrudishii mtu wa miaka 50 jicho la mtoto. Ama dawa za kutonesha zisizojulikana, hizo ni hatari ya wazi. Uchunguzi uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 1994 ulikuta kwamba kiasi cha robo ya wagonjwa wenye kidonda juu ya kioo cha jicho walikuwa wametumia dawa za kienyeji. Mtu alikwenda na udhaifu usiopofusha, akarudi na kovu lisilofutika.

Na upande wa pili lipo kosa la kununua miwani sokoni, ukaona herufi vizuri, ukadhani umekwisha maliza. Udhaifu huu wa kawaida una alama zake: huja polepole, huja macho yote mawili, hauumi, na kuona mbali hubaki vile vile. Kikitokea kinyume cha hayo, usiende sokoni, nenda hospitali. Jicho moja likififia peke yake. Ukiona ukungu mbali na karibu, na taa za usiku zikitawanyika, huenda ni mtoto wa jicho, ambaye hutolewa kwa upasuaji. Ukiona vizuri wiki hii na vibaya wiki ijayo, pima sukari, maana kisukari huanza kwa baadhi ya watu kwa kubadilisha macho. Ukiona weusi kama pazia, au miale ya radi, usingoje hata kesho. Na lililo baya kupita yote ni presha ya macho, kwa kuwa haina dalili. Hula pembezoni mwa macho kwanza, mwenyewe asijue, hadi amebakiwa na tundu dogo la kutazamia, na kilicholiwa hakirudi. Kongwa ile ile, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000, watu wapatao wanne katika kila mia waliopita miaka 40 walikutwa nayo. Tena hurithiwa: ikiwa baba yako au dada yako alipofuka uzeeni na hakuna aliyejua kwa nini, basi wewe ni wa kwanza kupimwa.

Kwa hiyo, mwenye kutimiza miaka 40 na apimwe macho mara moja na mtu aliyesomea, hata kama haoni shida yoyote, apimwe na ile presha ya ndani. Kisha arudi kila miaka miwili. Mwenye ndugu mwenye presha ya macho arudi kila mwaka. Akikutwa hana ila udhaifu wa umri, ndipo miwani ya kusomea ya dukani humfaa, ikiwa macho yake mawili ni sawa. Namba zake huanza moja na kwenda hadi tatu hivi. Shika msahafu au kitambaa chako cha kazi mahali unapokishika siku zote, kiasi cha dhiraa moja kasoro kidogo, uanze na namba ndogo, upande hadi utakapoona bila ya kukunja uso, na hapo usiendelee juu. Namba kubwa mno itakulazimisha uinamie kazi hadi shingo iume. Aliye na miaka 42 aghlabu hutosheka na moja au moja na robo; wa miaka 50 hukaribia mbili. Miwani hii ni ya karibu tu, ukiinuka kutembea ivue, vinginevyo ngazi itakuhadaa. Na usistaajabu ikihitaji kubadilishwa baada ya miaka mitatu au minne, wala usiseme imekuharibu. Ni lenzi inaendelea na safari yake, nayo ikifika miaka sitini na kidogo huwa imekwisha kuwa ngumu kadiri ya kuwa ngumu, na namba hukaa papo hapo.